Pingili ya Nane

Jumatatu, 3 Machi

Nimefagia uwanja wa nyuma. Majani yamelundikana pale ukutani tangu mvua zianze. Juu yamekauka, chini yameoza, meusi, na kati yake nyuzi nyeupe za kuvu kama pamba iliyochambuliwa vibaya. Nilijaribu kuyachoma. Hayakushika. Moshi tu — na jirani yangu, fundi cherehani, akatoa kichwa dirishani kuuliza kama siku hizi natengeneza makaa. Nilimjibu kwamba nafanya usafi, jambo ambalo hata yeye angeweza kulijaribu. Alicheka. Mama huyu hakasiriki hata ukimkanyaga.

Mume wangu hakutoka kitandani. Haumwi. Amelala tu, uso ukutani, redio inajisemea peke yake. Ndivyo alivyo tangu daktari wa macho amweleze kwamba kinachokufa ni katikati ya jicho, si pembeni. Kile anachokitazama ndicho asichokiona. Akikuelekezea uso, huona masikio yako, ukosi wa gauni, mlango ulio nyuma yako — na wewe mwenyewe ni doa la kijivu. "Nikitaka kukuona, Mwalimu, inanibidi nitazame kabati." Hivyo ndivyo alivyoniambia. Nilicheka, kwa sababu alitaka nicheke. Kisha nikaenda jikoni, nikasimama huko kidogo.

Iko sindano ya jicho. Daktari alieleza vizuri, kwa sentensi kamili, nilimpenda kwa hilo. Sindano hairudishi kilichokwenda. Huzuia kilichobaki kisiende. Lakini ianze mapema. Mume wangu, mtu wa wadudu tangu ujana, amekataa. "Maisha yangu yote nimewachoma wadudu pini. Sasa zamu yangu? Hapana, ahsante." Mzaha mzuri. Ila kliniki hakwenda, mara ya kwanza wala ya pili.

Sijui kumbembeleza mtu. Nilifundisha sarufi kwa miaka mingi; huko hakuna kubembeleza. Kuna sahihi na kuna kosa.

Jumatano, 5 Machi

Jambo la ajabu.

Nilikuwa nimetoka kugeuza lile lundo kwa reki ili likauke. Nikaingia chumbani kumpa chai. Nilipoweka kikombe akanishika mkono — akaunusa! Nikamwuliza ana nini.

"Wewe ndiye una nini. Umeshika wapi?"

Nikasema uchafu wa uwanjani.

"Si uchafu. Ni majani yaliyooza yakaiva. Hiyo ni harufu ya kuvu, Mwalimu, kuvu nzuri. Kaniletee ndoo."

Akakaa kitako. Nikasema nitaleta akinywa chai. Akainywa yote, ya moto vile vile, mpaka nikaogopa ataungua.

Basi mchana wote nimekuwa mtumishi wake. Faneli kubwa ya bati. Kipande cha wavu ndani yake. Majani juu ya wavu. Taa ya mezani juu ya majani. Chini ya faneli, chupa ya spiriti. Hila yenyewe ni rahisi: taa inakausha majani pole pole kutoka juu, wadudu wanakimbia joto na ukavu, wanashuka, wanashuka zaidi, mpaka wanakosa pa kushukia — chubwi! Nilimwambia ni hila mbaya. "Ni hila ya heshima," akasema. "Kila mmoja anakwenda kwa miguu yake."

Fundi cherehani alipita kurudisha sindano aliyoazima. Akaona taa, faneli, majani mezani. "Mama, leo mnakamua nini?" Mume wangu akamjibu kutoka kitini — kitini, si kitandani! — kwamba tunakamua elimu. "Basi mnibakizie kikombe," akasema yule.

Meza yangu ya kulia chakula inanuka msitu. Sijasema neno.

Ijumaa, 7 Machi

Faneli imefanya kazi yake. Nimeimimina chupa kwenye sahani nyeupe. Akauliza naona nini.

Nikasema: "Vitu vidogo vidogo."

"Vitu!" Alipiga goti kwa kiganja. "Wewe, uliyewapa watoto wa watu sifuri kwa neno hilo! Vitu! Vitu gani?"

Ni kweli. Nimeona haya. Nikaanza upya, kama nilivyozoea kuwafundisha wengine: kipi, kikoje, kiko wapi. Utitiri, mwingi. Viumbe vyeupe vyenye mkia wa kurukia. Jongoo mdogo kama uzi. Na mbawakawa — mviringo, rangi ya kahawia iliyokolea, anang'aa kama kifungo cha shati la sherehe, mdogo kuliko punje ya mtama.

"Wangapi?"

Sita, wote namna moja. Wawili wamejikunja wakawa duara kamili, kichwa kimeingia chini, hujui mbele ni wapi na nyuma ni wapi.

Nilimtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, akiitazama sahani kwa pembe ya jicho, kama kuku anavyotazama punje. Nikajua anatafuta. Nikajua vile vile hakuona kitu ila weupe.

"Mla kuvu," akasema taratibu. "Hukaa kwenye majani na kula ile nyeupe uliyotaka kuichoma moto. Toa hadubini."

Hadubini yake ilikuwa juu ya kabati, chini ya kitambaa, tangu alipoacha kazi chuoni. Ndiye aliyekuwa mtunza wadudu wa chuo: makabati na makabati, kila mdudu na pini yake na kikaratasi chake. Mimi sikuwahi kuigusa hadubini hiyo. Mpaka wetu ulikuwa wazi siku zote — maneno yangu, wadudu wake. Leo nimeifuta vumbi, nikaketi mbele yake, naye akasimama nyuma yangu akiniongoza mikono. Geuza huku. Pole pole. Sasa usipumue.

Nikamwona. Sikutegemea. Mgongoni ana vitobo vidogo vilivyopangwa safu, kila safu imenyooka kama mstari wa daftari. Nilisema, "Lo!" Akauliza lo ya nini. Nikamweleza safu. Akanishika bega, hakuondoa mkono.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya gundi. Ni lazima mdudu abandikwe kwenye ncha ya kadi, kwa tone ambalo macho ya kawaida hayalioni. Nimewabandika watatu, mmoja kichwa chini, kwa aibu yangu. Wengine watatu nimewaacha kwenye spiriti.

Kisha papasi. Hizo nyuzi mbili za kichwani zina pingili, kama muwa. Mume wangu anasema ukitaka kumjua mbawakawa, hesabu pingili za papasi kwanza. Hapo ndipo jina la ukoo wake lilipoandikwa. Kiko kitabu chake cha utambuzi, nacho nimekipenda mara moja! Kimeandikwa kama uchanganuzi wa sentensi. Kama ni hivi, nenda sehemu ya saba. Kama sivyo, nenda sehemu ya tisa. Hakuna maoni, hakuna "pengine". Nilijiuliza kwa nini miaka yote hii sikukifungua.

Nikahesabu. Mwanzo mbili nene. Kisha nyembamba, nyembamba. Mwishoni zinavimba kama rungu. Nikamwambia: kumi.

"Kumi na moja," akasema.

Nikahesabu tena. Kumi.

"Rungu lina ngapi?"

Nne, nikasema, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia, mpangilio mzuri sana.

Alikuwa amesimama. Akakaa. Akasimama tena. Akaniambia nihesabu ya mdudu wa pili. Nikahesabu: kumi, na rungu la nne. Akaanza kutembea kutoka dirishani hadi mlangoni, akigonga kiti kila anapopita, hajali. Ndugu wa mdudu huyu, wote anaowajua, wana kumi na moja na rungu la tano. Wote. Wa kumi hajapata kumsikia. Labda ni mgeni. Labda hajapata kuonwa na mtu. Nyuma ya nyumba yetu! Chini ya reki yako!

Jioni amenyoa ndevu, kwa kupapasa. Amejikata mahali pawili. Nimempaka dawa. Alikuwa anaimba wimbo usio na maneno.

Jumapili, 9 Machi

Binti yetu alipiga simu, kama kila Jumapili. Baba yake akaninyang'anya simu. Alisema naye muda mrefu. Pingili, rungu, safu za vitobo. Kisha nikamsikia akisema, "Alhamisi. Nipangie teksi. Nitakwenda hiyo sindano."

Nilikuwa naosha vikombe. Nikafunga maji ili nisikie vizuri.

"Kwa sababu nataka kumwona mwenyewe, mwanangu. Hata kwa pembe. Mama yako ananisimulia vizuri, lakini mtu hasimuliwi harusi yake."

Niliporudishiwa simu, binti alikuwa analia. Akaniuliza nimemfanya nini baba. Nikasema mimi sikufanya kitu, nimehesabu tu.

Mchana mume wangu alitangaza kwamba ataliweka jina langu kwenye jina la mdudu. Nilikataa katakata. Sitaki jina langu lipewe mla kuvu mwenye kichwa chini ya tumbo. "Ndiyo maana unamfaa," akasema. "Akiguswa tu, anajikunja, anakuwa mgumu pande zote. Lakini ukisubiri kimya, anafunguka."

Nilimwambia aache upuuzi, anywe dawa yake ya presha.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi njema. Tumekaa mezani, yeye pembeni yangu, begani kwangu. Mimi nasema, yeye anakariri, mimi naandika maelezo: upana wa kifua, nywele za ubavuni, rangi ya miguu. Ananifundisha kuona. Usitazame mara moja, anasema. Tazama, funga macho, tazama tena. Naye ananisikiliza kwa makini ambayo sikupata kuyaona hata tulipokuwa wachumba. Zamani nilikuwa nikimweleza jambo anaitikia "mm" huku anatazama mdudu. Sasa mdudu ni maneno yangu. Hana pengine pa kumtazama.

Fundi cherehani amemletea mume wangu shati jipya alilolipunguza mabega, maana amekonda. Akamwambia mzee amefufuka. Mume wangu akasema hakufa, alikuwa amejikunja tu.

Kisha akampigia simu mwanafunzi wake wa zamani, yule dada ambaye sasa ndiye anayetunza makabati ya chuo. Niliwekewa sauti nisikie. Shikamoo nyingi. Alifurahi kusikia sauti ya mzee wake. Lakini alipoambiwa kumi, akasita. "Mzee wangu, kumi kweli? Si kwamba moja imefichika?"

Mume wangu akajibu, wala hakujivuna, alisema tu kama mtu anayetaja siku ya wiki: "Aliyehesabu ni mke wangu. Huyu hajapata kuruka hata nukta."

Dada akasema basi atakuja Jumamosi amwone mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi jua huingia kwa dirisha la mashariki na kulala juu ya meza. Sikuwahi kutumia hadubini kwa mwanga huo. Mume wangu alikuwa bado amelala — usingizi wa kweli, wa kukoroma. Nikaona nimchukue mmoja wa wale watatu wa kwenye spiriti, nimbandike vizuri, iwe zawadi yake akiamka.

Nikatazama papasi. Nikafunga macho. Nikatazama tena.

Kati ya pingili ya saba na ile niliyoiita ya nane kuna kitu. Chembamba, bapa, kama pete iliyobanwa kati ya vidole viwili vinene. Nilikigusa kwa unywele wa brashi. Si gundi — huyu hajapata gundi. Nikawageukia wale wengine, mmoja mmoja. Kiko. Kiko kwa wote.

Ni pingili. Ya nane. Ndogo, lakini ni pingili kamili. Basi ni kumi na moja, na rungu ni la tano.

Na kibaya zaidi: Jumamosi niliiona. Niliiona! Nilidhani ni mabaki ya gundi, kwa sababu rungu lilikuwa linakua vizuri, dogo, kubwa, kubwa zaidi, na katikati ya utaratibu ule kitu kidogo vile hakikuwa na haki ya kuwapo. Nikakiruka. Niliusahihisha mwili wa mdudu kana kwamba ni insha ya mtoto.

Nikafungua kitabu. Sikulazimika kwenda mbali. Pingili ya nane ndogo kuliko ya saba na ya tisa — hiyo ndiyo alama ya ukoo mzima. Wapo kila mahali penye majani na kuvu. Anayeanza masomo hufundishwa alama hiyo siku ya kwanza.

Akaamka. Akauliza, "Mwalimu, mgeni wetu ameamkaje?" Nikajibu, "Salama." Neno moja. Ni uongo wenye herufi sita.

Mchana nilikwenda kwa fundi cherehani, nikajifanya nataka uzi. Nikamweleza. Kliniki ni Alhamisi. Nikisema leo, atarudi ukutani na sindano basi. Nisiposema, atakwenda kuchomwa jicho kwa ajili ya kitu ambacho hakipo. Yeye hakuinua kichwa kutoka kwenye cherehani. Alisema ukweli hauozi, mama, si majani. Uweke mpaka Ijumaa. Jicho ndilo linalooza.

Maneno ya busara. Nimeamua kumsikiliza. Nitanyamaza mpaka Ijumaa.

Najiandikia hapa ili nijishike.

Jumatano, 12 Machi

Sikufika hata adhuhuri.

Alikuwa na furaha, basi. Shati jipya tayari limetundikwa kwa ajili ya kesho. Akaketi pembeni yangu akasema, "Leo sitaki kazi. Nisomee papasi tu. Kwa sauti, taratibu. Napenda kuzisikia."

Nikasema nimechoka macho. "Zisome kwa kichwa, unazijua," akasema. Akaniegemea. Akafumba macho yake.

Nikaanza. Ya kwanza, nene. Ya pili, nene, fupi. Ya tatu, ndefu kidogo. Nne, tano, sita, nyembamba. Ya saba, inafungua rungu.

Nikakwama.

Sikukusudia. Mdomo ulikataa. Ningeweza kusema "ya nane, kubwa", na kesho ingepita, na Ijumaa ningesema. Lakini alikuwa ameniegemea, amefumba macho, na alikuwa haoni kitu kingine chochote duniani ila kile nitakachotamka. Mtu wa namna hiyo humwambii neno lisilokuwapo.

Nikasema: "Ya nane ni ndogo."

Hakuinuka. Akauliza: "Ndogo kiasi gani?"

"Kama pete. Nilidhani ni gundi. Niliiruka."

"Na ya tisa?"

"Kubwa. Na ya kumi. Na ya kumi na moja."

Nilisikia cherehani ya jirani ikikimbia, ikisimama, ikikimbia. Kisha akasema, kwa sauti ya darasani, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu astaafu: "Pingili ya nane kupungua. Alama ya ukoo." Akajiondoa begani kwangu, polepole, kama mtu anayeondoa kitu asikivunje.

Nikaomba radhi. Nilitafuta maneno mazuri zaidi, sikuyapata; mimi!

"Si wewe," akasema. "Wewe ulisema ulichodhani. Mimi ndiye niliyetaka ziwe kumi. Yule mwanafunzi wangu aliuliza swali la haki, nami nikamfunga mdomo kwa jina lako."

Afadhali angefoka. Akapapasa ukuta mpaka chumbani. Akalala. Uso ukutani. Akasema bila kugeuka: "Kesho teksi ikija, umwambie dereva arudi. Umpe chochote kwa usumbufu."

Redio imewashwa tena. Chakula amekigusa tu. Nimekaa ukingoni mwa kitanda. Nikamwambia kwamba sindano si ya mdudu, ni yake. Kwamba mimi ndiye ninayetaka macho yake yabaki, hata kama ni ya kuniona kwa kutazama kabati. Sijapata kumwambia maneno kama hayo mchana, mlango ukiwa wazi. Hakuvuta shuka alipohisi nimekalia upindo wake.

Fundi amekuja, ameniona uso, amegeuka bila kusema. Hata yeye anajua kunyamaza.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi. Naandika mezani kwa sababu nasubiri, nitaeleza.

Nilimpelekea chai. Hakugeuka. Nikarudi huku nianze kukunja kila kitu — faneli, wavu, kitabu. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha kuifunika hadubini niliposikia sauti kutoka chumbani:

"Na miguu je?"

Nikauliza, "Miguu gani?"

"Ya mdudu, Mwalimu, si ya kiti! Tulikimbilia papasi kama watu wenye njaa. Ukoo tumeujua. Mtu mwenyewe je, ni nani? Nyayo zao hutofautiana. Hesabu pingili za unyayo. Mguu wa mbele, wa kati, wa nyuma."

Nikamgeuza mmoja tumbo juu. Nikahesabu mguu wa mbele, kimoyomoyo, kisha tena. Nikaita: "Tano!"

"Wa kati?"

"Nne!"

"Vizuri. Inawezekana. Wa nyuma?"

Nikatazama. Nikafumba macho. Nikatazama. Nikasogeza taa. Nikatazama.

"Mwalimu?"

Niliogopa kusema, Mungu ananiona. Nikasogeza taa upande wa pili. Nimekwisha kuharibu mara moja kwa kuruka kidogo kilichokuwapo. Huenda narudia lile lile. Nikamwambia hivyo. Nikasema naona tatu, lakini usiniamini, mimi si wa kuaminiwa kwa vitu vidogo.

Kitanda kililia. Akatokea mlangoni, nywele zimesimama, akipapasa hewa.

"Tano, nne, tatu," akasema. "Kitabuni haimo. Tano nne nne ipo. Tano tatu tatu ipo. Tatu zote ipo. Tano nne tatu... soma uone."

Nikasoma. Haimo.

"Basi umekosea," akasema. Hakusema kwa ukali. Akaegemea mlango, akafikiri. "Au hukukosea. Yule wa pili. Safari hii usinisahihishie mdudu wangu. Usiniambie kinachopendeza, wala kinachonifurahisha mimi. Kama ni mbaya, niambie ubaya wake."

Huyu wa pili amejikunja, miguu yote imo ndani. Ni lazima alale kwenye maji ya vuguvugu mpaka alegee, ndipo nimvute mguu kwa pini bila kumvunja. Ndiyo maana nasubiri. Ndiyo maana naandika.

Teksi imefika. Nimeisikia ikizima injini. Dereva amegonga, ameuliza mgonjwa yuko tayari? Nikamtazama mume wangu, nikisubiri aniambie nimrudishe.

Hakuniambia. Aliuliza, "Daktari yule ana lenzi ya namna gani, ile anayokutazamia jichoni?" Nikasema nzuri sana, ina taa ndani yake. Akasema "mm." Kisha akamwambia dereva, "Subiri kidogo, ndugu yangu, mke wangu anahesabu." Dereva akasema mzee, kliniki ina foleni. Mume wangu akasema, "Na sisi hapa tuna foleni. Wako sita."

Sasa dereva amerudi kwenye gari. Anapiga honi. Fundi cherehani ametoka nje kumgombeza, nasikia sauti yake: kwani honi hiyo umepewa bure, acha watu wafanye kazi.

Mume wangu yuko hapa mbele yangu. Amevaa shati jipya, vifungo vimepishana, kila kimoja kimeingia tundu la mwenzake. Mkono wangu umenyanyuka wenyewe kumrekebisha. Nimeurudisha. Ana kiatu kimoja mguuni. Cha pili amekishika, hakivai, hakiweki chini. Ameinamisha kichwa, ananitazama kwa pembe ya jicho.

"Amelegea?" anauliza.

Mguu wa nyuma umefunguka. Naacha kalamu. Nakwenda kuhesabu.